Mwati wa Mahari na Mkono wa Sista Karwitha

Kateni kucha kwanza, halafu tuongee. Sisemi kwa utani. Nimeona vijana wakifika kliniki na cheti kizuri mkononi, lakini kucha ni ndefu na zimepakwa rangi tatu tofauti, nikajiuliza mkono huo utaingia vipi ndani ya ng'ombe anayeshindwa kuzaa. Mimi ni Nkirote, mama Munene. Nilifanya kazi ya uuguzi wa mifugo hapa Kianjai tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa. Siku hizi nina ng'ombe mmoja, kuku wachache na mdomo. Mdomo ndio bado haujastaafu.

Huku kwetu kila mtu anayeshika sindano huitwa daktari, hata yule wa duka anayeuza dawa ya kupe. Lakini daktari wetu wa kweli alikuwa Njeru, mtu wa Embu, ambaye tulimcheka kwa jinsi alivyoongea Kimeru mpaka akazoea. Yeye ndiye aliyepima, akaamua ugonjwa na kupasua. Sisi wauguzi tulishika mnyama, tukasafisha, tukachoma sindano, tukafunga vidonda, halafu tukabaki tukimwangalia mgonjwa wakati kila mtu mwingine amekwenda kunywa chai. Hiyo ya kubaki ukiangalia ndiyo kazi yenyewe, na hakuna aliyeifanya kumshinda Karwitha.

Karwitha alikuwa muuguzi mkuu nilipoajiriwa. Watu walimwita Sista wa Ng'ombe. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na alivaa sweta ya kijani hata jua likiwaka. Nitawasimulia habari zake kwa sababu naona mnajifunza sana kwa video. Video ni nzuri, mimi mwenyewe huziangalia, lakini video haina harufu. Ukipitisha ule mpira wa kutolea gesi mpaka tumboni mwa mnyama, harufu ya majani yaliyochacha ndiyo inayokuambia umefika mahali pake. Simu haitakuambia hilo.

Ile sweta ilikuwa na kazi yake. Mnaijua homa ya maziwa: ng'ombe amezaa vizuri, anatoa maziwa mengi, halafu ghafla amelala, shingo imepinda ubavuni, masikio baridi. Anahitaji kalsiamu kwenye mshipa. Sasa asubuhi za huku kwetu mnazijua, chupa imelala kwenye gari na ni baridi kama jiwe la mto. Karwitha aliitia chupa ndani ya sweta, akaibana kwapani, akatembea nayo mpaka zizini akiongea na wenye nyumba habari za mvua. Alipofika, dawa ilikuwa na joto la mwili.

Siku moja tulikuta majirani wamemzunguka ng'ombe wa namna hiyo, mmoja ameshika kichwa, mwingine ana chupa ya uji.

"Weka hiyo chini," Karwitha alisema.

"Lakini Sista, hajakula tangu jana. Si tumpatie nguvu kidogo?"

"Ng'ombe akilala hivi hamezi. Huo uji haufiki tumboni, unaingia kwa mapafu. Mkitaka kusaidia, leteni gunia la majani tumwegemeze asilale ubavu."

Akaniambia nishike chupa, nisiipandishe juu ya bega langu. Nikiinua, dawa inakimbia, na dawa hiyo ikikimbia inasimamisha moyo. Yeye alipiga magoti, stethoskopu kifuani mwa ng'ombe nyuma ya kiwiko, macho yamefumbwa. Moyo ukianza kuruka, alinyoosha kidole kimoja chini, nami nashusha mkono. Ukitulia, kidole kinapanda. Chupa ilipokaribia kwisha, ng'ombe alitetemeka, akateuka, akaenda choo hapo hapo alipolala. Karwitha alifungua macho akacheka: "Akienda choo, mshukuru Mungu na mkae kando. Anaamka." Akaamka kweli, karibu aniangushe.

Mshipa wa shingo pia alinifundisha yeye. Mnachoma kwa macho, ndiyo maana mnakosa. Lowesha manyoya kwa spiriti yalale. Bana chini kwa kidole gumba, ungoje mshipa ujae, halafu uuguse kidogo kwa mkono mwingine usikie ule mtikisiko. Usipousikia, usichome. Karwitha alikuwa akinifunika macho kwa leso yake, ananiambia tafuta. Nilikuwa nafikiri ananionea. Miaka mingi baadaye nilipata mshipa kwenye shingo ya ndama aliyekauka maji kabisa, ambaye hata Daktari Njeru alikuwa amemkosa mara mbili, na Njeru akapiga makofi. Nilimtumia Karwitha salamu siku hiyo hiyo.

Tusisahau wagonjwa wadogo. Chuo kilipokua pale Nchiru na hosteli zikajaa, tulianza kuletewa paka na mbwa wa wanafunzi. Kijana mmoja alikuja amemkumbatia paka aliyekuwa na jipu mguuni.

"Madam, huyu ni mpole vibaya sana. Hawezi scratch mtu."

"Jina lake?"

"Terror."

Karwitha aliniangalia, mimi nikachukua taulo. Paka anakunjwa kama chapati, mguu mmoja tu unabaki nje, na hushindani naye nguvu; ukimbana sana anazidi kuogopa, ukimlegeza anakwenda dirishani. Tulimkunja vizuri, tukalipasua jipu, usaha ukatoka. Paka hakusema kitu. Mwenyewe ndiye aliyeanguka chini puu. Nilibaki nimeshika paka, Karwitha akamvuta kijana, akaiweka miguu yake juu ya gunia la dairy meal, chakula cha ng'ombe, na kumpepea kwa kadi ya chanjo. Kijana alipoamka kitu cha kwanza aliuliza, "Terror ako sawa?" Tukampenda kuanzia siku hiyo. Mtu anayeamka akimuuliza mnyama wake kwanza, huyo mfundishe kila kitu.

Nakubali pia kwamba nyinyi mmetushinda kwa mengi. Sisi tulichemsha sindano za kioo kwenye sufuria, na ncha ilikuwa butu mpaka ng'ombe anakugeukia kukuuliza. Nyinyi kila mnyama ana sindano yake mpya. Mnapiga picha ya fizi, mnamtumia daktari, na anajibu kabla hamjanawa mikono. Mwezi uliopita nilimwona binti mmoja hapa akimwekea mbwa dripu mguuni, akaifunga plasta vizuri hata mbwa akasahau kuilamba. Nilikaa nje nikimtazama dirishani na moyo wangu ukajaa. Ningekuwa na sweta ya kijani ningempa.

Sasa niwaambie habari ya mwati, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuongea.

Nyinyi wa mjini huenda hamjui. Mwati ni kondoo jike ambaye hajazaa bado, anayepelekwa kwa wazazi wa msichana pamoja na vitu vingine vya mahari. Hachinjwi. Anakaa kule, anazaa. Na lazima awe mzima: masikio kamili, macho yote mawili, ngozi isiyo na kovu. Wazee wanampitishia mkono mwili mzima kabla ya kumpokea.

Mzee M'Ikiara wa hapa Kianjai alikuwa anamwozesha mwanawe Mwenda. Msichana alikuwa Makena, wa familia moja karibu na mjini Meru. Walikuwa wamekwenda mara ya kwanza wakarudishwa, kwa sababu sikio la mwati lilikuwa limechanika kidogo kwenye waya. Wajomba wa Makena walisema wazi kwamba wakiletewa tena mnyama mwenye kasoro, wataona nyumba hii inacheza na binti yao, na mazungumzo yataishia hapo. Kwa hiyo Mzee M'Ikiara alinunua mwingine, mweupe, mzuri kweli, akamfungia zizi lake peke yake. Zilibaki siku chache tu za kumtunza.

Hapo ndipo shangazi walipoanza kufika kusaidia mapishi. Kila shangazi alitaka kumwona mwati, na hakuna aliyetaka kuwa shangazi aliyemwendea mwati mikono mitupu. Wa kwanza alimletea majani ya viazi vitamu, mabichi, yana umande. Wa pili kabeji. Wa tatu akaona huyu mtoto anakula majani tu kila siku, akampa karai la githeri, mahindi na maharagwe yaliyobaki. Kondoo naye hakumkatalia mtu. Hilo ni kosa la mapenzi, na ndilo linaloua mifugo wengi huku kwetu kuliko ukatili.

Mwenda aliingia kliniki mbio mchana wa Alhamisi. Sherehe ilikuwa Jumamosi.

"Sista, mwati amefura! Amejaa ka ngoma, hata kupumua anashindwa!"

Daktari Njeru alikuwa Nchiru, mkono wake ndani ya ng'ombe. Karwitha alichukua mkoba, tukaenda. Tulimkuta kondoo amesimama miguu imepanuka, ubavu wa kushoto umepanda juu kuliko mgongo, mdomo wazi. Shangazi walikuwa wamejipanga ukutani kimya. Mzee M'Ikiara alimshika Karwitha mkono kabla hata hajaweka mkoba chini.

"Sista, ninakuomba. Fanya yote, lakini usimkate. Kovu likionekana, mwanangu amekosa bibi."

"Nitajaribu kwa mdomo kwanza, mzee. Lakini mimi nimekuja kwa sababu ya huyu kondoo."

Tazameni alivyofanya, maana hata leo sijaona aliyefanya vizuri zaidi. Tulimpandisha miguu ya mbele juu ya tuta ili kifua kipate nafasi. Akapima mpira kwa nje, kutoka mdomoni hadi ubavu wa mwisho, akaweka alama kwa plasta. Akatia kijiti chenye tundu katikati ya meno, akapaka mafuta ncha ya mpira, akaupitisha kwenye tundu polepole, na hakuusukuma. Alingoja kondoo ameze mwenyewe. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa shingoni vikiufuata kwa nje. Kondoo hakukohoa. Nikaweka stethoskopu ubavuni, yeye akapuliza, nikasikia mbubujiko. Tulikuwa tumboni, si kwenye mapafu.

Lakini gesi haikutoka. Lilitoka povu kidogo, kisha mpira ukaziba. Ile kabeji na majani mabichi vilikuwa vimechachuka vikawa povu tupu, na povu halipiti kwenye mpira. Karwitha aliagiza mafuta ya kupikia, na shangazi watatu walikimbia kwa pamoja, kila mmoja akarudi na chupa yake. Tulimimina kiasi kupitia mpira, nikamkanda ubavu kwa ngumi. Mafuta huvunja povu, lakini yanataka muda. Kondoo hakuwa nao. Magoti yalianza kumlegea. Karwitha alifunua mdomo wake akaniita nione: ulimi ulikuwa unageuka rangi ya samawati.

Alimpigia Njeru. Mwenye ng'ombe kule ndiye aliyemshikia daktari simu sikioni.

"Ni povu, daktari. Mpira umeziba, mafuta yameingia lakini hayajafanya kazi. Ulimi unabadilika."

"Umeona mwenyewe?"

"Ninauangalia sasa hivi."

"Basi mkono ulio hapo ni wako, na ninauamini kuliko wangu. Mwenye kondoo akikubali, toboa. Nikimaliza hapa nakuja."

Karwitha alitoa trokari mkobani, kile chuma chenye ncha kinachoingia ndani ya mrija, akaishika mahali mzee aione.

"Mzee, daktari amekubali. Wewe unasemaje?"

"Tumpe muda kidogo. Mafuta yatafanya."

"Huu muda hana."

Mzee aliinama akaanza kumkanda kondoo ubavu yeye mwenyewe. Sikumlaumu, na sitaki nyinyi mmlaumu. Alikuwa anaona mwanawe akirudishwa mara ya pili mbele ya watu. Mimi mwenyewe niliomba kimoyomoyo mafuta yafanye kazi, kwa ajili yake. Ndipo Mwenda alipopiga magoti kwenye samadi na suruali yake safi, akamshika kondoo shingo.

"Baba, hii ni mahari yangu. Sista, toboa."

"Na Makena?" baba yake aliuliza.

"Nitamweleza. Nikiacha huyu afe nikimwangalia, nitamwambia nini?"

Karwitha hakungoja neno jingine. Alitenganisha sufu, akasafisha kwa dawa, akapima kwa vidole katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, upande wa kushoto pale palipofura zaidi. Alikata ngozi kidogo kwa wembe, akaelekeza ncha kwenye kiwiko cha mguu wa mbele wa upande wa pili, akapiga mara moja. Alipovuta chuma na kuacha mrija, povu lilitoka likikoroma. Likataka kuziba tena, akamimina mafuta kupitia mrija huo huo, akaniambia nikande. Nilikanda mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha gesi ikafunguka kwa kishindo, yote ikamwendea shangazi wa kabeji, aliyekuwa amesogea karibu kuona. Harufu sitaielezea. Hata Mzee M'Ikiara alicheka huku machozi yanamtoka.

Ubavu ulishuka. Ulimi ukarudi rangi yake. Kondoo akateuka, akatuangalia kama aliyeamshwa usingizini.

Njeru alifika baadaye, akamchunguza, akashona na kumchoma dawa. Akatuambia amekuja kushona tu, maana kazi ilikuwa imekwisha. Karwitha akachukua ile dawa ya buluu ya kupuliza kwenye vidonda.

"Sista, si hiyo!" mzee alilia. "Hiyo itaonekana mpaka Embu!"

"Nzi nao wataonekana, mzee." Akapuliza. Doa la buluu likakaa kwenye ile sufu nyeupe, kubwa kama sahani.

Mwati mwingine hakupatikana. Siku ilikuwa imebaki moja na wazee wote walikuwa wamekwisha kuitwa. Jumamosi walituomba twende nao ili Karwitha amwangalie mgonjwa njiani. Shangazi walikuwa wamemvisha mwati leso, imefungwa vizuri tumboni, na doa halikuonekana. Karwitha aliniambia chinichini, "Mimi sitafungua hiyo leso. Lakini nikiulizwa, sitadanganya." Sikuwa nimelala vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo, na yeye pia alikuwa na macho mekundu.

Kule kwa kina Makena, aliyeheshimiwa kuliko wote alikuwa nyanya yake, mama mzazi wa baba yake. Alikuwa ameuza ndizi sokoni Gakoromone maisha yake yote. Wajomba walipomzunguka kondoo, yeye aliwapita.

"Huyu amevaa leso ya nini? Anasikia baridi?"

Watu wakacheka. Yeye akafungua fundo. Kicheko kikaisha. Alipitisha kidole juu ya lile doa la buluu mpaka kikafika kwenye nyuzi.

"Nani amekata huyu?"

Karwitha akasogea mbele na sweta yake.

"Ni mimi, shosho. Tumbo lilijaa gesi, alikuwa anakufa."

"Ulijua ni mwati?"

"Nilijua."

"Ni mimi nilimwambia akate," Mwenda alisema. "Baba alikataa. Mimi ndiye nilisema."

"Na ulijua tutakurudisha?"

"Nilijua, shosho. Ningetafuta mwingine. Lakini huyu angekuwa hai."

Mjomba mmoja akasema kovu ni kovu, na kwamba neno lilikuwa limetolewa mbele ya watu. Wengine wakaitikia. Nilimwona Makena mlangoni, ameshika nguo yake kwa mikono miwili. Karwitha alikuwa amenishika kidole bila kujua, akikibana.

Yule nyanya aligeuka akamwelekezea kidole mama yake Makena, aliyekuwa ameketi na wanawake.

"Huyu tulimpokea akiwa mzima," alisema. "Akalemewa na uzazi, tukakubali akatwe tumbo, ndio Makena akazaliwa. Ako na kovu mpaka leo. Nani hapa amewahi kumrudisha kwao?"

Yule mjomba aliangalia chini.

Nyanya alimvua mwati ile leso yote, akaikunja, akamwekea shangazi mmoja mikononi. Halafu akaita mlangoni:

"Makena! Leta karai la maji. Mwati wako ana kiu."